Nani Kaiua Beringi?

Noah ilikuwa imekalia kigogo cha mkorosho chini ya mwembe, gurudumu la mbele kushoto limevuliwa, na pembeni yake, juu ya gunia tupu la korosho, imelazwa beringi iliyotolewa asubuhi ile. Ilikuwa ya tatu kufa kwenye gurudumu lilelile ndani ya mwaka mmoja. Gari kuharibika Nyangamara si habari. Beringi tatu, pembe moja ya gari, fundi mmoja, dereva mmoja: hiyo ni habari, na ndiyo iliyowakusanya watu pale gereji kama msiba unavyokusanya majirani.

Mimi nilikuwa abiria tu. Nilikuwa nashuka Mtama nikadake basi la Masasi kwenye lami, na nauli nilikwisha kuitoa. Nikakaa. Yaliyosemwa pale nayaandika kwa sababu yanamhusu kila anayepanda gari la mtumba kwenye barabara ya mchanga, kuanzia Nyangamara mpaka Nachingwea na Kilwa, na kwa sababu hadi jioni nilikuwa nimeshachagua upande. Majina ya watu sitayataja. Nitawaita kwa kazi zao.

Kwa asiyeijua, beringi ya tairi ni bangili mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na katikati yake gololi zimepangwa safu mbili. Bangili ya nje imebanwa ndani ya nyumba yake, kile chuma kizito kinachoshikilia gurudumu kwenye gari, nayo haizunguki. Ya ndani inazunguka pamoja na habu na tairi. Uzito wote wa pembe ile ya gari, abiria, magunia, kuku na madumu juu ya keria, unapita kwenye zile gololi, na kila gololi inagusa chuma mahali padogo kuliko punje ya mtama. Ndiyo maana chuma chake ni kigumu mno na njia za gololi zimesuguliwa zikang'aa kama kioo. Kovu dogo tu linatosha kuanza kuiua.

Aliyeanza kusema ni dereva.

Dereva: Mimi nasema wazi, hizi beringi tunazouziwa ni feki. Ya kwanza ilikuja na gari kutoka Japani, ikakaa miaka. Ikaanza kuvuma mwezi wa Ramadhani, nikaivumilia mpaka msimu wa korosho ulipofunguliwa. Tukanunua mpya, ikakaa miezi minne. Tukanunua nyingine, miezi mitatu. Hebu niambieni, chuma gani kinaisha upesi kuliko kandambili?

Fundi: Feki tu hizo. Mie nimeanza kazi hii wakati wa Bedford na Land Rover 109. Beringi ukiifunga, unaisahau. Siku hizi boksi linang'aa, ndani majivu.

Watu waliitikia kwa vichwa. Neno "feki" lina utamu wake: likishasemwa, hakuna aliyepo pale mwenye kosa. Mkosaji yuko mbali, kiwandani, ng'ambo, hana jina. Lakini safari hii mtuhumiwa mmoja alikuwa karibu. Mama anayeuza spea alikuwa amepigiwa simu, na haukupita muda akashuka kwenye bodaboda, khanga kajitanda, mkoba kwapani.

Mama wa spea: Shikamoo, fundi.

Fundi: Marahaba, mama. Karibu kivulini.

Mama wa spea: Nimeshakaribia. Nimesikia naitwa mwizi, nikasema nije nisikie kwa masikio yangu. Feki zipo, sikatai. Nikienda Kariakoo, kule Gerezani, boksi la rangi moja na jina moja naonyeshwa kwa bei tatu, duka kwa duka. Bei ikishuka mno, mkono wangu unarudi mkobani. Lakini hii niliyomuuzia kijana wangu sikumwambia ni ya Japani. Nilimwekea tatu mezani. Hii ya kampuni kubwa. Hii ya kawaida, ya Kichina, ina jina lake. Hii ya chini kabisa. Akachukua ya chini kabisa, kwa sababu bosi wake alituma hela ya hiyo. Uongo?

Dereva: Si uongo, mama.

Mama wa spea: Tena Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara upande wa Somanga, mzigo wangu ulilala njiani siku nyingi. Mliponijia niliwauzia kilichokuwepo na nikawaambia ndicho kilichopo. Kuuza kilichopo si kuuza feki.

Hapo alisema jambo ambalo wengi hatulitofautishi, na nililipenda. Beringi feki ni ile inayodanganya jina: imechongwa SKF, NSK, Koyo au NTN na haikutoka huko. Beringi ya bei nafuu yenye jina lake halisi ni rahisi, si feki, na unaweza kuinunua ukijua umenunua nini. Wala "ya Mchina" si tusi, maana hizo kampuni kubwa zenyewe zina viwanda China. Anayedanganya jina ana sheria yake, Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi ya kumkamata. Mnunuzi naye ana macho: maandishi ya beringi halisi yamekaa ndani ya chuma, safi, hayafutiki kwa kidole wala kwa petroli. Maandishi yaliyopinda, boksi lenye tahajia mbovu, namba ya boksi isiyofanana na namba ya chuma, hayo yatosha kurudisha mzigo.

Namba ndiyo aliyoisimamia zaidi yule mama, na sauti yake ilipanda.

Mama wa spea: Mtu anakuja, "Mama, nipe beringi ya Noah." Noah ipi, baba? Ya zamani inayosukumwa na tairi za nyuma au hii inayovutwa na za mbele? Ya mbele au ya nyuma? Ina ABS au haina? Niletee iliyotoka, hata kama imevunjika, au niletee namba ya chesisi. Vijana wa bodaboda wamewashinda. Wao wanakuja wanasema "6301", basi, tumemaliza.

Namba hizo si uchawi. Kwenye beringi za kawaida za gololi, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata upana wa tundu kwa milimita: 6204 ina tundu la milimita 20, 6205 la 25. Zile ndogo tu zina mpango wake: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, ndiyo maana 6301 inaingia kwenye ekseli ya milimita 12. Za magari ya siku hizi mara nyingi zinaanza na DAC, na namba yenyewe ni vipimo: DAC39720037 ni tundu la milimita 39, upana wa nje 72, unene 37. Herufi za mwisho nazo zina neno. ZZ ni vifuniko vya bati, 2RS ni vya mpira, na kwa vumbi letu chukua vya mpira.

Dereva hakutaka hesabu za namba. Alitaka gari liondoke.

Dereva: Mimi nilikuwa na wazo jingine. Tuache hizi mpya. Dar wanachinja magari kila siku. Tutafute beringi ya mtumba, iliyotoka Japani na gari lake. Ile ya kwanza ilikaa miaka, si ndiyo?

Ndipo aliposema kijana. Mpaka wakati ule alikuwa amechuchumaa nyuma ya fundi, amemaliza kozi yake VETA Lindi, yuko pale kujifunza kazi ya mtaani. Alisimama kwanza, akafuta mikono.

Kijana: Fundi, naomba niseme neno.

Fundi: Sema, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma.

Kijana: Beringi ya aina hii, ya kubanwa, haitoki nzima. Habu ikitolewa inaondoka na nusu ya bangili ya ndani, na nguvu yote inapita kwenye gololi. Kutoka kwenye nyumba yake tu imeshaumia. Anayekuuzia ya mtumba ikiwa peke yake mkononi anakuuzia iliyokwisha kuumia. Ukitaka ya mtumba, nunua na nyumba yake, habu na vyote, kama ilivyofunguliwa. Ya nyuma kwenye magari mengi madogo ni rahisi, inakuja imekamilika na habu, unafungua boliti nne unafunga boliti nne, haina nyundo. Hii ya mbele ndiyo yenye kesi.

Fundi: Kesi gani?

Kijana hakujibu. Aliomba mafuta ya taa kwenye kopo, akaitumbukiza ile beringi iliyokuwa imelala juu ya gunia, akaiosha kwa brashi iliyokatika. Grisi ilitoka nyeusi, halafu kahawia. Alipoipangua na kuzichukua gololi moja moja, watoto wawili wakasogea, maana kwao gololi ni mali. Aliigeuza bangili ya nje kwenye mwanga uliopita kati ya majani, akampa kwanza fundi, kisha mimi.

Kwenye ile njia iliyopaswa kuwa laini kama kioo, palikuwa na alama. Vishimo vidogo, vya duara, vimepangana kwa nafasi sawasawa kuzunguka bangili, kama vidole vilivyobonyezwa kwenye unga wa maandazi. Kijana akaweka gololi juu ya kishimo kimoja. Ikakaa. Akaweka ya pili kwenye kishimo cha pili. Ikakaa. Zote zilikuwa na mahali pake.

Kijana: Barabara haipigi hivi, fundi. Barabara inachubua, inakwangua, inaondoa magamba. Hizi ni gololi zilizopigwa zikiwa zimesimama. Hazikuzunguka hata mara moja kabla ya kuumia. Iliumia siku ya kufungwa.

Pakawa kimya. Hata dereva hakupata la kusema, na yeye si mtu wa kukosa la kusema.

Fundi: Niliifunga kwa bomba na nyundo.

Kijana: Ndiyo, fundi. Bomba lilikaa kwenye bangili ya ndani. Unapoiingiza kwenye nyumba yake, inayobana ni ya nje. Ukipiga ya ndani, kila pigo linapita kwenye gololi ndipo lifike nje. Unapoingiza habu inakuwa kinyume: hapo ya ndani ndiyo iegemezwe. Na hii ya pili, nadhani tukiiosha...

Fundi: Usiioshe. Nimeelewa.

Hapa nataka kusimama na fundi, kwa sababu rahisi ingekuwa kumcheka, na angechekwa bila haki. Yule mzee si mjinga wa beringi. Baada ya kimya kile alivuta kigoda, akaanza kueleza Land Cruiser ya kituo cha afya, na wote tuliokuwepo tulisikiliza.

Fundi: Ile hardtop inapita njia hizihizi, haibadilishwi beringi kila mwaka. Mwaulize muuguzi huyu hapa. Kila gurudumu la mbele lina beringi mbili za rola, zimekaa mshazari, mdomo mpana na mdomo mwembamba kama kikombe cha kahawa. Hizo natoa kwa mkono. Naosha, natazama, narudisha. Kikombe chake cha nje nakigonga kwa shaba, taratibu, kuzunguka, wala hakiumii, maana rola hazimo ndani. Grisi unaiweka kwenye kiganja cha kushoto, beringi mkono wa kulia, unaichota ukingoni kwa upande mpana mpaka grisi ichomoze juu kati ya kila rola. Kupaka kwa nje ni kujidanganya. Kisha sili mpya. Halafu ile nati kubwa ya spana ya 54: unakaza huku unazungusha habu ili rola zikae, unalegeza, unakaza tena kwa mkono mwepesi. Ikibana mno itaungua. Ikilegea itacheza. Hiyo haimo kitabuni, imo kiganjani.

Kijana: Imo kitabuni, fundi. Kuna kipimo cha springi, unavuta boliti ya tairi unasoma uzito wake.

Fundi: Nami nikivuta kwa kidole napata uzito uleule. Tupime siku moja.

Walicheka wote wawili, na gereji ikapumua.

Beringi anayoisema fundi ina umri. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya kukokotwa na wanyama huko Marekani, alipata hataza yake mwaka 1898, kwa sababu magurudumu ya magari yale yalisukumwa kwa upande kila yalipokata kona. Ni beringi inayomheshimu fundi: inafunguka, inasafishwa, inarekebishwa, inamvumilia mwenye nyundo na kipande cha shaba. Kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba malori na Land Rover za kusini hii. Kisha yakaja magari madogo ya kuvutwa na tairi za mbele, na beringi ikawa kitu kilichofungwa: grisi yake imo ndani tangu kiwandani, nafasi kati ya gololi imepimwa kiwandani, fundi hapewi cha kurekebisha. Anapewa kazi moja tu, kuiingiza bila kuiumiza. Ustadi wa mzee wetu ulikuwa kamili, ila wa beringi nyingine. Hakuna aliyemwambia kuwa mlango umebadilishwa kufuli.

Si yeye wa kwanza kufiwa na beringi. Huko Gothenburg, Uswidi, kiwanda kimoja cha nguo kilikuwa kimejengwa juu ya udongo wa mfinyanzi. Udongo ukisogea kidogo, vyuma virefu vya kuzungusha mitambo vinapinda, na beringi zinakufa mfululizo. Mhandisi wake, Sven Wingquist, aliitazama ardhi kabla ya kuilaumu beringi, na mwaka 1907 akatengeneza beringi inayokubali kuinama kidogo na kujirudi. Kutoka hapo ikazaliwa SKF. Ni kampuni hiyohiyo iliyosajili mwaka 1915 jina Volvo, kabla ya magari ya jina hilo kuanza kutoka mwaka 1927, na neno lenyewe ni la Kilatini, maana yake "nabiringika". Nilipowaambia haya pale chini ya mwembe, fundi alisema yeye siku zote aliamini kuwa "beringi" inatokana na kubiringika. Neno ni la Kiingereza, lakini sikio lake lilichagua vizuri.

Mpaka hapo mjadala ulikuwa wa wanaume na muuza spea. Muuguzi alikuwa kwenye benchi na begi lake magotini, naye aliusogeza mahali ambapo hakuna aliyetaka ufike.

Muuguzi: Mmeshajua nani kaiua beringi. Mimi nauliza, nani aliyepanda watu kwenye gari linalolia? Noah hii tunaijua kwa mlio. Ikiwa bado haijafika kona, wagonjwa wanasimama, wanajua gari limekuja. Juzi hardtop ilikuwa safarini, tukampakia humu mama mwenye uchungu tumpeleke Nyangao. Njia nzima sakafu inatetemeka miguuni mwangu. Kaka yangu, ulikuwa husikii?

Dereva: Nilikuwa nasikia, dada. Nilifikiri tairi.

Fundi: Ulifikiri tairi kwa sababu ulitaka iwe tairi. Nilikuonyesha namna ya kujua. Barabara ikiwa nyoofu na tupu, toa gia, acha gari liende lenyewe. Mvumo ukibaki, si injini. Yumbisha usukani kidogo kulia: uzito unahamia kushoto. Mvumo ukipanda, mgonjwa yuko kushoto. Unashuku tairi? Hamisha za mbele nyuma, mvumo ukihama nazo, ni tairi. Halafu jeki. Shika tairi juu na chini, sukuma, vuta. Likicheza, mwambie utingo akanyage breki. Mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki tafuta boljointi. Likicheza kushoto na kulia tu, nenda kwenye tairodi. Na mkono mwingine uweke kwenye springi huku unalizungusha: ukihisi mchanga unapita kiganjani, imekwisha. Hata robo saa haifiki.

Dereva: Najua, mzee. Na nikishajua? Hesabu ya bosi haijui beringi. Jioni inataka hela yake.

Nilitamani msomaji aone uso wake aliposema hivyo. Si mtu mbaya. Kila mwenye kupanda magari haya anajua hesabu ni nini: kiasi kinachotakiwa kila jioni, gari liwe limetembea au limelala. Beringi kwa kawaida haiui ghafla. Inavuma wiki, inavuma miezi, kisha inaanza kucheza, habu inachemka, harufu ya grisi iliyoungua inaingia ndani, breki inazama kwa sababu diski inayumba na kuzisukuma pedi nyuma. Mwisho gurudumu linachukua njia yake. Katika siku zote hizo za onyo, anayesikia ni dereva, anayelipa ni bosi, na anayebeba hatari ni aliyekaa kiti cha nyuma.

Bosi alipigiwa simu, ikawekwa sauti ya nje juu ya boneti.

Bosi: Fundi, funga nyingine litembee. Leo watu wanashuka mnadani.

Fundi: Bosi, nikifunga hapa kwa nyundo itakufa tena. Inataka presi. Presi iko Mtama.

Bosi: Mbona zile mbili hukusema zinataka presi?

Fundi: Sikujua. Leo nimejua.

Sijasikia mara nyingi fundi wa umri ule akisema maneno yale mbele ya watu kumi na tano. Bosi naye alinyamaza kidogo, kisha akarudi kwenye hela: nani atalipa zile mbili zilizokufa? Hapo hawakuafikiana, na mpaka naondoka walikuwa hawajaafikiana. Fundi alisema atafunga hii bila ujira. Bosi alisema haitoshi. Mama wa spea akaingilia kati.

Mama wa spea: Bosi wangu, hesabu ni yako, lakini nisikilize. Beringi mbili za chini kabisa, ufundi mara mbili, gari kulala mara mbili, na leo mara ya tatu. Ungekuwa umeshanunua ile ya kampuni kubwa, umelipa presi, umelipa bodaboda kwenda na kurudi, na chenji ingebaki. Sasa leo usiniambie nilete ya chini. Nimeleta hii hapa. Usipoitaka narudi nayo.

Bosi: Haya. Fungeni hiyo. Lakini leo.

Dereva akauliza kama wabadilishe na ya kulia, zote mbili kwa pamoja, kama inavyofanywa kwa pedi za breki. Kijana akasema hapana: ya kulia imepimwa, haivumi, haichezi, na kuitoa ni kuiua bure. Nakubaliana naye kabisa. Wapo mafundi wanaobadilisha jozi kwa mazoea, na kwa beringi ya kubanwa mazoea hayo ni hasara.

Saa nane mchana kijana alitia nyumba ya beringi na habu kwenye gunia, akapanda bodaboda kwenda Mtama. Alirudi jua limeelekea magharibi. Beringi ilikuwa imeingia yote, klipu imekaa kwenye mfereji wake, na habu ilizunguka kwa kidole bila sauti. Upande wenye sumaku ya ABS aliuhakikisha kwa pini ya kitambaa: pini ikanata, akajua umeelekea ndani kunakotakiwa. Wakati wa kufunga, utingo alitaka kuliteremsha gari chini ili nati ya ekseli ikazwe tairi likiwa ardhini. Fundi mzee ndiye aliyemzuia.

Fundi: Usilikalishe. Kijana kasema uzito usiingie kabla nati haijabana, zile bangili mbili za ndani zitaachana.

Utingo akakanyaga breki, nati ikakazwa gari likiwa juu ya kigogo, kwa spana ya kupimia ambayo kijana aliiazima kulekule Mtama kwenye presi. Kwa Toyota nyingi za aina hiyo nguvu ya kukazia ni kama nyutonimita 216. Kisha kingo za nati zikagongwa zisilegee.

Tuliondoka magharibi. Kule bondeni maji yanapopita juu ya barabara, dereva alisimama kwanza. Fundi alikuwa amemwambia kuwa habu ya moto ikizama ghafla kwenye maji baridi inavuta maji ndani kupitia kwenye sili, na ile grisi ya kahawia tuliyoiona kwenye kopo ilikuwa na kutu. Tulisubiri kama nusu saa, tukavuka. Sakafu haikutetemeka. Muuguzi aliyekuwa mbele yangu aliegemea dirisha akalala.

Hukumu yangu ni hii: beringi ya pili na ya tatu hazikuuawa na feki. Ziliuawa na nyundo, na nyundo ilikuwepo kwa sababu presi haikuwepo. Presi ya kijijini si mtambo wa ajabu. Ni fremu ya chuma cha kuchomelea na jeki ya tani 20, na mchomeleaji yeyote wa Mtama au Lindi anaiweza. Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Naiomba Halmashauri ya Mtama, kikundi cha mafundi vijana wa Nyangamara kikileta ombi la presi na spana ya kupimia, lisikae chini ya mafaili. Nawe unayepeleka gari gereji, kabla hujauliza bei ya beringi, muulize fundi ataiingiza kwa kitu gani.